Risiti 10:42, kamera 10:35: kupatanisha saa za kompyuta kwenye mtandao mseto

Risiti imechapwa 10:42. Picha ya kamera iliyo juu ya kaunta ina maandishi 10:35. Kumbukumbu za seva zinasema mauzo hayohayo yaliingia 07:42, na kwenye daftari keshia ameandika kwa mkono saa 4:42. Mwenye duka, mzee anayeuza vipuri vya pikipiki pale Mwanga, Kigoma, anatafuta shilingi elfu hamsini zilizopotea kaunta, na amejikuta na saa nne za tukio moja. "Fundi, hiyo seva si tuitoe tu? Iko nyuma saa tatu nzima."

Seva haina kosa. Risiti nayo haina kosa, wala daftari. Iliyokosea ni kamera peke yake, tena kwa dakika saba tu. Lakini dakika saba hizo zinatosha kumfukuzisha mtu kazi bure: ukiitafuta picha ya 10:42 kwenye kamera, unamwona mtu mwingine kabisa amesimama pale kaunta, maana wakati huo saa ya kweli ilishafika 10:49.

Tunaposema "saa ya kompyuta imekosea" tunachanganya mambo mawili ambayo dawa zake ni tofauti. La kwanza ni hesabu: je, mashine inahesabu sekunde sawasawa? La pili ni maonyesho: hesabu hiyo inaandikwaje kwenye skrini? Kwa ndani, kompyuta haijui saa nne wala saa kumi. Linux huhesabu sekunde tangu usiku wa kuamkia 1 Januari 1970, na Windows ina hesabu yake inayoanzia mwaka 1601. Zote mbili hufuata saa ya dunia inayoitwa UTC. Skrini ndiyo inayoongeza au kupunguza masaa kulingana na ukanda uliochaguliwa, na Tanzania nzima iko saa tatu mbele ya UTC. Kwa hiyo seva iliyoandika 07:42 na risiti iliyoandika 10:42 zimesema neno lilelile. Keshia naye amehesabu kama sisi sote tunavyohesabu, tangu alfajiri, akapata saa 4:42. Fundi anayesoma kumbukumbu za UTC hahitaji hata kupitia saa ya ukutani: atoe tatu tu, apate saa ya Kiswahili. Saba toa tatu, nne. Ni bahati ya kijiografia inayonirahisishia kazi kila siku.

Kigoma yenyewe ina ugomvi wake na saa. Mji uko karibu nyuzi 29.6 mashariki, na kwa hesabu ya jua tu ungestahili kuwa saa mbili mbele ya UTC, siyo tatu. Mstari wa nyuzi 45 ambao saa yetu inaufuata hauipiti Tanzania hata kidogo, uko baharini, mashariki ya Zanzibar. Ndiyo maana jua la utosi hapa hufika karibu saa saba mchana, na mgeni kutoka Dar es Salaam hushangaa kuona kweupe saa moja kasoro jioni. Majirani zetu Burundi, na upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa, wanatumia saa mbili mbele ya UTC. Wako nyuma yetu saa nzima.

Hili si la wana jiografia peke yao. Simu iliyowekwa ijipangie ukanda wa saa yenyewe husikiliza mnara. Ikishika mnara wa Burundi ukiwa Manyovu au Kagunga, inaweza kurudi nyuma saa moja bila kukuomba ruhusa, na mfanyakazi anayeingiza oda kwa simu akaandika wakati ambao ofisi haiutambui. Dawa ni kuziacha sekunde ziendelee kujirekebisha zenyewe lakini ukanda uuchague kwa mkono. Kwenye Android mipangilio hiyo imetenganishwa siku hizi. Chagua Dar es Salaam au Nairobi, zote ni saa ileile.

Kosa la maonyesho huzaa kosa la hesabu pale mtu anapolirekebisha kwa mkono, na sijui mtego unaonasa mafundi wengi kuliko huu. Kamera nyingi kutoka China hufika zikiwa na ukanda wa saa nane mbele ya UTC, yaani saa tano mbele yetu. Aliyezifunga anaona skrini inasema saa kumi jioni wakati ni saa tano asubuhi, anaingia kwenye mpangilio wa saa, anarudisha namba nyuma kwa saa tano, anafurahi, anaondoka. Skrini sasa iko sawa. Lakini ndani, mashine inaamini kwamba UTC imerudi nyuma saa tano. Siku utakapoiunganisha na chanzo cha saa cha kweli, itaruka saa tano mbele, na utasingizia chanzo. Windows iliyoingizwa kwa haraka bila kubadilisha ukanda wa Marekani ya magharibi ina ugonjwa huohuo. Saa inasomeka vizuri ukutani, ila barua pepe zinafika kwa wenzako zikiwa na saa za ajabu. Ukanda kwanza, sekunde baadaye. Na palipoandikwa DST, zima. Tanzania hatusogezi saa kwa majira ya mwaka.

Dakika saba za kamera ni jambo jingine. Huo ni mwendo wa saa yenyewe.

Ndani ya karibu kila mashine kuna kipande cha kristali kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unabaki na moja. Kristali ya bei ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 katika kila milioni. Inasikika kama si kitu, lakini ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Dakika saba ni miezi minane hivi. DVR ya yule mzee, yaani mashine inayorekodi picha za kamera, ilifungwa mwaka mmoja kabla na haikuguswa tena, kwa hiyo hakuna aliyeichezea: iliachwa tu ijihesabie. Tena iliwekwa juu ya dari, chini ya bati. Kristali za aina hii hutengenezwa ziwe sahihi kwenye nyuzi joto 25, na zikipata joto zaidi huchelewa. Kwenye nyuzi 45 unapoteza sekunde moja na ushee kwa siku kwa ajili ya joto peke yake.

Umeme ukikatika, kazi ya kuhesabu hubaki kwa betri ndogo ya duara kwenye bodi, mara nyingi CR2032 ya volti tatu. Ikifa, kompyuta huamka na tarehe ya zamani, na dalili ya kwanza wala si saa: ni kivinjari kugoma kufungua ukurasa wa benki kwa madai kwamba cheti cha usalama hakijaanza kutumika. Watu hupiga simu kulalamikia intaneti. Rauta ndogo nyingi hazina betri kabisa, ndiyo maana ukifungua kumbukumbu zake baada ya umeme kurudi unakuta matukio ya Januari 1970. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hadi toleo la 4 nayo haina saa ya betri. Toleo la 5 linayo, ila betri unainunua mwenyewe.

Kwa kuwa hakuna saa ya kuaminiwa peke yake, mashine huulizana. Utaratibu wa kuulizana unaitwa NTP. Aliyeubuni ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka mwaka 1985. Uzuri wake hauko katika kuuliza, maana kuuliza "saa ngapi?" ni rahisi, uko katika kujua kwamba jibu likifika limeshachelewa, na kukadiria limechelewa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa namba. Kompyuta ya dukani inatuma swali na kuandika saa yake: sifuri. Seva inalipokea na kuandika saa yake: milisekunde 2,150. Inajiandaa kidogo, inajibu ikiwa 2,160. Jibu linafika dukani wakati saa ya kompyuta inasoma 310. Safari nzima imechukua 310, na seva ilikaa na swali milisekunde 10, kwa hiyo njiani zimetumika 300. Tukichukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa, kila upande ni 150. Swali lilipofika seva, saa ya dukani ilikuwa 150 na ya seva 2,150. Kompyuta iko nyuma kwa sekunde mbili kamili, na sasa inajua.

Neno la kuangalia hapo ni "tukichukulia". Kama kwenda kumechukua 250 na kurudi 50, kompyuta itajikosesha milisekunde 100 bila kugundua. Kwa hiyo intaneti kuwa ya taratibu si tatizo. Tatizo ni njia mbili zisizolingana. Hata hivyo kosa haliwezi kuzidi nusu ya muda uliotumika njiani. Ofisi inayotumia dishi la setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani inasubiri zaidi ya nusu sekunde kwa kila jibu, lakini safari za kupanda na kushuka karibu zinalingana, na saa yake inatulia vizuri tu. Anayesema NTP haifanyi kazi Kigoma kwa sababu mtandao ni mzito hajajaribu.

Sasa mtandao mseto, yaani wenye mashine za aina tofauti. Usipogusa chochote, kila mashine humuuliza bwana wake: Windows humuuliza time.windows.com, Ubuntu humuuliza ntp.ubuntu.com, Android humuuliza time.android.com, na kamera kwa kawaida haimuulizi mtu. Windows nyingi zisizo kwenye domeni (mtandao wa ofisi ambao seva moja husimamia kompyuta na watumiaji wote) zilikuja zikiwa zimepangwa kuuliza mara moja kwa wiki, na siku hiyo bando likiwa limekwisha, basi. Kwa duka la kompyuta sita huo ni ulegevu usio na sababu. Msimamo wangu ni huu: ndani ya jengo iwepo mashine moja inayouliza nje, na wengine wote waulize hiyo. Dukani, kupatana ni muhimu kuliko kuwa sahihi kabisa. Mashine zote zikikosea kwa sekunde tatu zilezile, ushahidi wa kamera na risiti bado unashikana.

Mashine hiyo naipendelea iwe kompyuta ya Linux iliyopo tayari, ile yenye programu ya stoo, kwa sababu ina betri na huwa imewashwa muda wote. Rauta za MikroTik zenye RouterOS 7 zinaweza kazi hiyo pia, lakini umeme ukirudi kabla ya intaneti, rauta isiyo na betri huanza kugawa saa isiyo na kichwa wala miguu. Kwenye Ubuntu za kabla ya toleo la 25.10 programu ya kawaida ya kupokea saa haiwezi kuigawa kwa wengine, ingiza chrony, programu inayoweza yote mawili. Kwenye faili la /etc/chrony/chrony.conf mistari inayobeba kazi ni hii:

pool pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10
rtcsync

Mstari wa kwanza unaita hodhi la seva za kujitolea lililoanzishwa mwaka 2003. Jina ni moja, lakini nyuma yake kuna maelfu ya seva, nawe unapewa chache kati yake. Uchache huo usiupunguze hadi mbili. Ukiwa na vyanzo viwili vinavyobishana huna namna ya kujua mwongo ni nani. Ukiwa na vitatu unaweza kupiga kura, na cha nne ni akiba siku kimoja kisipopatikana.

Mstari wa pili unaruhusu saa kurushwa papo hapo kama imekosea zaidi ya sekunde moja, lakini katika marekebisho matatu ya mwanzo tu. Baada ya hapo chrony huisukuma saa kidogo kidogo, ikiiharakisha au kuipunguza mwendo hadi ifike. Kwa nini isiruke tu? Kwa sababu saa ikirudi nyuma wakati watu wanauza, risiti ya pili itaonekana imetolewa kabla ya ya kwanza, na programu ya stoo inayopanga miamala kwa wakati itavuruga mizani. Saa ya seva inayofanya kazi hairudishwi nyuma. Inasubiriwa.

Mstari wa tatu unaruhusu mashine za ndani peke yake, na ubadilishe anwani ziendane na zako. Mlango (port) wa NTP ni UDP 123, na hakuna sababu ya kuufungua kwa dunia: mwaka 2014 seva za NTP zilizoachwa wazi zilitumika kuongeza nguvu za mashambulizi makubwa ya mtandaoni. Mstari wa nne ndio unaolinda duka siku intaneti inapokatika, kwa kuiambia seva iendelee kujibu kwa hesabu yake yenyewe. Hiyo kumi ni daraja. Saa ya atomu ni daraja la 0, seva iliyoungwa nayo moja kwa moja ni la 1, anayeiuliza hiyo ni la 2, hadi 15. Kujiweka kwenye 10 ni kusema, "nifuateni mkikosa bora." Mstari wa mwisho unaiandika saa nzuri kwenye saa ya betri, ili kompyuta ikizimika iamke na kitu cha kuaminika.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, na palipo na 192.168.1.10 weka anwani ya seva yako ya ndani:

w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.1.10,0x8" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

Huduma ya Windows Time ipangwe kuanza yenyewe, kwa sababu kwenye kompyuta isiyo na domeni huwa imelala. Na kama betri ilikufa na mashine inaamini ni mwaka 2015, usishangae ikikataa kujirekebisha: Windows ya kawaida haikubali kurukia saa iliyopishana nayo kwa zaidi ya masaa kumi na tano. Weka tarehe kwa mkono kwanza, kisha iache iulize. Palipo na domeni usiziguse kompyuta moja moja. Zinamfuata msimamizi wa domeni, yaani ile seva inayoiongoza, na zikipishana naye zaidi ya dakika tano watu wanaweza kukataliwa kuingia, hata nywila ikiwa sahihi. Msimamizi huyo ndiye umwelekeze kwenye seva ya ndani.

Laptopu yenye Windows na Linux pamoja ina kituko chake. Windows huiandika saa ya betri kwa saa ya hapa, Linux huisoma kama UTC. Kwa hiyo kila unapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, saa inapotea kwa masaa matatu kamili. Ukiona tofauti ya masaa matatu, hapo hapana betri mbovu. Ukitaka amani, iambie Windows itumie UTC kupitia rejista yake (registry), ghala la mipangilio yake ya ndani.

DVR na kamera: ukanda +3, DST imezimwa, NTP imewashwa, anwani ya seva ya ndani, mlango 123, iulize kila saa moja. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iache. Hiyo ina wenyewe, na ikikosea saa anaitwa fundi aliyeidhinishwa.

Kuhusu sekunde ya ziada, nitapita haraka. Tangu 1972 dunia imeongeza sekunde 27 ili saa isiachane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho iliingia 31 Desemba 2016 kwa UTC, ambayo kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa vipimo ziliamua utaratibu huo uachwe ifikapo 2035. Linalokuhusu ni moja: seva za Google huisambaza sekunde hiyo polepole kwa masaa mengi, nyingine huiongeza kwa mkupuo. Usizichanganye kwenye orodha moja.

Na kama ofisi iko mahali ambapo intaneti huja kwa msimu? Kipokezi cha GPS hutoa saa bila bando, kwa kuwa setilaiti za GPS zina saa za atomu. Lazima kione anga. Chini ya bati hakioni kitu, kiweke dirishani au nje ya paa. Kikiwashwa mara ya kwanza kinaweza kukosea sekunde kadhaa kwa dakika kumi na mbili na nusu hivi, hadi kipate taarifa kamili kutoka angani. Usinunue cha zamani. GPS huhesabu wiki 1,024 kisha hurudi sifuri, na iliporudi Aprili 2019 baadhi ya vipokezi vilirejea mwaka 1999.

Kabla hujagusa saa ya kamera yoyote, simama mbele yake na simu inayoonyesha sekunde, piga picha ya skrini ya DVR, na uandike tofauti: "iko nyuma dakika 7 sekunde 4", na tarehe. Picha za zamani hazitajirekebisha. Miezi miwili baadaye polisi au bima wakizihitaji, karatasi hiyo ndiyo itakayotafsiri 10:35 kuwa 10:42, na yule mzee amebandika yake ndani ya mlango wa kabati la DVR. Kisha, wiki moja baada ya kufunga kila kitu, andika kwenye seva:

chronyc sources
sudo chronyc clients

Amri ya kwanza inaonyesha vyanzo vya nje; chenye alama ya nyota ndicho kinachofuatwa, chenye x kimekutwa hakisemi ukweli, chenye alama ya kuuliza bado hakijakubalika, mara nyingi kwa sababu hakipatikani. Ya pili inaorodhesha mashine za ndani zilizouliza. Hesabu mistari, uilinganishe na vifaa ulivyofunga. Kinachokosekana huwa ni kompyuta ambayo huduma yake ya saa imelala, au kamera ambayo mtu aliirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani.